Maskini Wenye Jahazi

Katika darsa za usiku za mwezi wa Ramadhani kijijini kwetu, kusini kidogo mwa Msambweni katika pwani ya Kenya, kuna aya moja ambayo maalimu wetu haipiti bila kutua. Ni aya ya 79 ya Suratul Kahf, pale Khidhri anapomweleza Nabii Musa sababu ya kuitoboa jahazi iliyowabeba: jahazi ile ilikuwa ya maskini waliofanya kazi baharini, na mbele yao alikuwako mfalme aliyekuwa akipora kila jahazi nzima. Maalimu hutua hapo kwa ajili ya fikihi. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani hii, aliichukua aya hiyo kuwa hoja ya kutofautisha fakiri na maskini, makundi mawili yanayotajwa mwanzo kati ya wanaostahiki zaka. Fakiri hana kitu, au alicho nacho ni kama hana. Maskini anacho kitu lakini hakimtoshi, na dalili yake ni kuwa Mwenyezi Mungu amewaita maskini watu waliokuwa wakimiliki jahazi.

Nilipokuwa mtoto maneno hayo yalinipita. Kijijini kwetu mwenye chombo alikuwa tajiri, na neno tulilomwitia lilikuwa hilo hilo. Maskini kwetu walikuwa wale waliovua kwa mshipi juu ya mtumbwi wa kuazima, au waliokwenda kwa miguu maji yakitoka, wakichokoa pweza mwambani. Nilikuja kumwelewa Imamu Shafii nikiwa mtu mzima, baada ya kuwa katibu wa kikundi kilichopewa boti mbili za sadaka.

Ilikuwa mwaka 2013. Shirika moja la hisani la ng'ambo, likipitia kwa wakala wake wa Mombasa, lilitaka kuzisaidia familia maskini za wavuvi zijitegemee. Nia ilikuwa njema, na sina shaka nayo hata leo. Wakala alikuja mara mbili, akaandikisha familia 24, saba kati yake zikiwa za wajane, akatutaka tuunde kikundi chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mimi niliteuliwa kuwa katibu kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulisomeka. Kamati ya BMU (Beach Management Unit), yaani kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, ambayo kwa kanuni za mwaka 2007 ndiyo iliyokuwa na dhamana ya bandari ya wavuvi, iliarifiwa siku ambayo boti zilifika. Nadhani hapo ndipo tulipojikwaa kwa mara ya kwanza, maana wale waliokuwa na daftari la vyombo vyote, waliojua nani anamdai nani na nani hasemezani na nani, walikaa kando wakitutazama kama watu walioalikwa harusini wakasahauliwa kwenye sinia.

Boti zilikuwa za faiba, zenye urefu wa mita nane hivi, kila moja na mashine ya nguvu ya farasi 40, nyavu za jarife na majaketi ya kuokolea. Ubavuni paliandikwa jina la mfadhili kwa herufi kubwa kuliko nambari ya usajili. Palikuwa na hotuba na pilau, na mzee mmoja aliyevua kwa zaidi ya miaka 40 alipigwa picha akipokea ufunguo mkubwa wa karatasi ngumu, uliotengenezwa kwa ajili ya sherehe, kwa kuwa mashine yenyewe huwashwa kwa kuvuta kamba. Picha ile niliiona baadaye katika kalenda ya shirika. Yule mzee hakuwahi kupanda boti ile hata siku moja. Alikuwa na ngalawa yake, na alisema mashine inamtia kizunguzungu.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kaskazi, bahari ikiwa shwari, na mambo yalikwenda. Vijana walitoka nje ya mwamba, mahali ambapo mitumbwi yetu haikufika, wakarudi na nguru na kolekole, na siku nyingine jodari. Kisha ukaja wakati wa kugawa pesa, na hapo nikaanza kuandika mambo ambayo hayakuwamo katika ile fomu ya mradi.

Mgao wa pwani ni jambo la kale na lina hesabu yake. Hutolewa kwanza gharama za safari, yaani mafuta, barafu na chakula. Kinachobaki hugawanywa, fungu moja likaenda kwa chombo na nyavu, jingine kwa mabaharia, na nahodha akapata ziada yake. Juu ya hapo kila baharia huondoka na kitoweo cha nyumbani, kisichoandikwa popote wala kuulizwa na mtu. Hesabu hii huenda vizuri chombo kinapokuwa cha mtu mmoja. Chombo chetu kilikuwa cha familia 24. Wajane saba hawakwenda baharini, wala wazee watano, wala mimi, kwa hiyo walioingia majini walikuwa vijana wachache, baadhi wakiwa si wanachama kabisa bali mabaharia wa kukodi kutoka kijiji jirani. Fungu la chombo likigawanywa kwa 24 lilikuwa pesa ya unga wa siku moja. Aliyeshinda usiku kucha akivuta jarife alijiuliza kwa nini amtolee fungu mtu aliyelala, na aliyelala, ambaye jina lake limo katika orodha ya mfadhili, alijiuliza kwa nini kitoweo cha mabaharia kinaongezeka kila wiki. Haukupita muda tukaanza kusikia kuwa samaki wanauzwa huko huko baharini kabla ya alfajiri. Sikuwahi kuthibitisha. Lakini daftari langu lina mikutano kumi na mmoja, na tisa kati yake ni ya tuhuma hiyo.

Halafu likaja suala la mafuta. Safari moja ya nje ya mwamba ilikula petroli lita 30 na zaidi, na petroli hulipwa kabla ya samaki kuonekana. Mradi ulitupa mafuta ya mwezi wa kwanza, ukadhania kuwa mwezi wa pili utajilipia wenyewe. Siku tatu mfululizo za kurudi mikono mitupu, ambazo mvuvi yeyote huzijua, zilitosha kumaliza sanduku. Tukamwendea tajiri. Akatupa mafuta, akatupa na barafu, kwa sharti linalojulikana pwani nzima: samaki wote wapimwe kwenye mizani yake kwa bei yake. Kufikia mwezi wa sita boti ilikuwa yetu kwa karatasi na yake kwa samaki.

Wakati huo nilidhani nimempata yule mfalme wa kwenye aya, anayepora kila jahazi nzima. Wafanyakazi wa mashirika ya misaada nao hupenda kumwona hivyo. Katika ripoti zao tajiri ndiye minyororo, na mradi ndio unaokuja kuikata. Leo nasita. Ni tajiri huyo huyo aliyetoa gari usiku wa manane mke wa nahodha wetu alipopatwa na uchungu wa uzazi, na ndiye aliyenunua sanda mwaka uliofuata alipofariki mzee wa jirani. Miezi ya kusi, bahari inapochafuka na mitumbwi ikafungwa, yeye ndiye anayekopesha unga akijua kuwa atalipwa kaskazi ikirudi. Bei yake ni ya kunyonya, sikatai. Lakini ni bei ya samaki pamoja na bima, benki na ambulensi, na mradi unaotaka kumwondoa lazima useme nani atakayefanya hizo kazi nyingine tatu. Wetu haukusema.

Mashine ya boti ya kwanza iliharibika kusi ilipoanza. Kipuri kilipatikana Mombasa kwa bei ambayo kikundi hakikuwa nayo. Boti ya pili iligonga kipwa na faiba ikapasuka chini ya maji. Kijijini tuna fundi wa vyombo ambaye baba yake na babu yake walikuwa mafundi. Anajua kukalafati mbao kwa pamba, anajua kupaka sifa, yaani mafuta ya papa, chombo kikang'ara kama kipya, na ngalawa iliyopasuka huirudisha majini kwa siku mbili. Alikuja akaipiga ile faiba kwa kiganja, akasikiliza mlio wake, akasema, «Mwanangu, hii si mbao. Sina dawa yake.» Boti ikapandishwa ufuoni. Watoto waliicheza mpaka kaskazi ikarudi, kisha mtu akaikata akafanya paa la banda la kuku, na hakuna aliyemlaumu.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliona hadi nilipoelezwa. Jirani yetu mmoja ni mama karanga, kama tunavyowaita wanawake wanaonunua samaki bandarini, wakawakaanga na kuwauza jioni kando ya njia. Hakuwa mwanachama wa kikundi. Siku moja nilipita kwake nikalalamika kuhusu boti, naye akaniambia bila kuacha kugeuza samaki kwenye karai kwamba boti zile zilimuumiza yeye zikiwa nzima kuliko zilipoharibika. Mtaji wake ni wa kununua tafi, pono na changu wadogo kutoka kwa wavuvi wa mitumbwi na wa malema, yaani mitego ya kusuka, tena kwa mkopo wa asubuhi unaolipwa jioni. Vijana hodari walipohamia kwenye boti, samaki wa ndani ya mwamba walipungua bandarini, na wale wakubwa wa nje, kina nguru na jodari, hawakuwa wa karai lake. Walipakiwa moja kwa moja kwenye magari yenye barafu kwenda Mombasa na kwenye hoteli za Diani. Kwa hiyo mradi wa kuzisaidia familia maskini uliongeza kilo za samaki wanaotoka kijijini na ukapunguza pesa iliyokuwa ikizunguka kijijini, mikononi mwa wanawake, ambao ndio wanunuao daftari za shule. Fomu ya mradi ilikuwa na safu ya kilo zilizovuliwa. Safu ya karai haikuwamo.

Nimetaja yetu kwa kirefu kwa kuwa ndiyo niliyoiandika kwa mkono wangu, lakini hadithi ya boti za sadaka ni pana. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, dunia ilipoona picha za vyombo vilivyovunjika, boti za msaada zilimiminika Sri Lanka na Aceh, Indonesia. Katika baadhi ya fuo za Sri Lanka zikawa nyingi kuliko zilizokuwapo kabla ya mawimbi, nyingine zikiwa zimeundwa kwa haraka hata hazikufaa kushushwa majini. Na hapa Kenya, ingawa si pwani bali ziwani Turkana, bado kipo kile kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway huko Kalokol, ambacho gharama ya kugandisha samaki katika joto lile iliwashinda waendeshaji, na miaka michache baadaye ghuba ya Ferguson iliyokuwa ikikilisha ikakauka. Samaki wa kukausha, ambao wenyeji waliwajua tangu zamani, waliendelea kuuzwa.

Sisemi kwamba hakuna msaada unaofaa. Ninaoukumbuka kwa heshima ni mdogo kiasi kwamba hauwezi kukatiwa utepe. Shirika la Wildlife Conservation Society, likifanya kazi na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, lilijaribu na wavuvi wa pwani yetu malema yenye mwanya wa takriban sentimita 3 kwenye pembe. Lema la kawaida humkamata kila anayeingia, pamoja na tafi mchanga ambaye hajazaa hata mara moja. Lema lenye mwanya humwacha mchanga atoke na humbakiza mkubwa. Wavuvi waliogopa kuwa watarudi nyumbani na ufito mtupu. Ilionekana kuwa idadi ya samaki wadogo ilishuka lakini mapato hayakushuka, kwa sababu samaki mkubwa ana bei yake kwa kilo. Lema husukwa kwa mikono ya wazee wa hapa hapa kwa fito na mianzi. Likivunjika hakuna kipuri cha kufuata Mombasa, na mwanya wenyewe ni jambo la kubadili msuko tu.

Kwa upande wa Kilifi kuna tengefu la Kuruwitu, karibu na Vipingo, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 wazee wa uvuvi walioona mwamba wao umekwisha walikubaliana kutenga eneo la takriban hekta 30 lisivuliwe kabisa. Mwaka 2017 walipata tuzo ya Equator, inayotolewa na Umoja wa Mataifa kwa jamii zinazohifadhi mazingira, na samaki wamerudi. Nalisifu, ila sitaki kulisifu kwa pupa. Kufunga mwamba ni kutoa mhanga, na anayetoa zaidi ni yule asiye na chombo, anayekwenda kwa miguu, kwa sababu mwenye mashine atazunguka akavue kwingine. Hisani inayofaa hapa ni ile inayombeba huyu wa miguu katika miaka ambayo mwamba unapumzika.

Ndiyo maana napendelea kufunga kwa muda kunakofanywa kwa ajili ya pweza. Pweza huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na hukua kwa kasi ya ajabu. Ukimwacha miezi michache tu unamkuta ameongezeka uzito mara kadhaa. Huko Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, wanakijiji pamoja na shirika la Blue Ventures walianza kufunga sehemu ya mwamba mwaka 2004, na utaratibu huo umefika hadi Pemba, ambako watu wa Kisiwa Panza huufanya kwa msaada wa shirika la Mwambao la Zanzibar. Hapa njaa ya kungoja ina mwisho unaojulikana, na mavuno ya siku ya kufungua huonekana kwa macho. Mtihani uko siku hiyo hiyo: wanaume wenye miwani ya kuzamia hutangulia, na wanawake wenye mchokoo, ambao wamengoja miezi yote mitatu, hufika maji yakiwa yamekwisha kuchunguzwa. Mahali ambapo kamati imepanga zamu ya wanawake kwanza, nimeambiwa, makelele ni mengi lakini mgao ni wa haki.

Kuhusu mwani nitasema machache. Wanawake wa Kibuyuni wameufanya ujulikane Kwale nzima, na inapendeza kuwaona na shughuli yao wenyewe isiyomngoja mume kurudi kutoka baharini. Lakini inahitaji kilo saba au nane za mwani mbichi kupata kilo moja mkavu, na hiyo moja huuzwa kwa makumi machache ya shilingi. Kamba na vigingi ni rahisi kuvitoa sadaka. Mnunuzi wa pili, atakayemfanya wa kwanza apandishe bei, hajawahi kutolewa sadaka na yeyote.

Na kuna msaada ambao haukuwa na hata ndoana moja. Wapemba wamevua katika pwani ya Kenya kwa vizazi, wengine wakija na dago zao, yaani kambi za muda za uvuvi, na kurudi, wengine wakazaa na kuzika hapa hapa, lakini bila kitambulisho mtu hakuweza kupata leseni ya uvuvi wala kukopa kwa jina lake. Alivua kwa kujificha au kwa mgongo wa mtu mwingine, na mgongo una kodi yake. Mashirika ya haki za binadamu yaliwasemea kwa miaka, yakijaza fomu na kwenda maofisini, mpaka mwaka 2023 serikali ikawatambua kuwa raia. Hakuna mtu anayetia fomu katika kalenda. Hata hivyo, sijui ni boti ngapi za sadaka zingeweza kulingana na karatasi ile.

Maalimu wetu, nilipomwuliza mawazo yake, hakunipa jawabu la uvuvi. Alinikumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ya mtu wa Ansari aliyekuja kuomba, Mtume akamwuliza nyumbani kwake kuna nini. Kulikuwa na tandiko na bakuli. Vikanadiwa, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Moja akaambiwa akawanunulie watu wake chakula, ya pili anunue shoka. Mtume akalitia shoka mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akakate kuni, wasionane kwa siku kumi na tano. Hadithi hii hutajwa sana kwenye hafla za kukabidhi boti, nami nilikuwa nimeisikia mara nyingi, lakini kila mara msemaji alikimbilia shoka. Maalimu alinitaka nihesabu. Nusu ya mtaji ilikwenda kwenye chakula, ili shoka lisije likauzwa kwa njaa kabla ya kuni kupatikana. Aliyetoa alitia mpini, hakutoa chuma kitupu. Na aliweka siku ya kuonana tena. Sisi tulipewa shoka mbili kubwa mwanzoni mwa kaskazi, bila unga wa kusi, na wakala hakurudi baada ya siku kumi na tano wala baada ya miezi kumi na mitano.

Sasa amejitokeza mfadhili mwingine, naye pia anataka kuzisaidia familia za wavuvi. Safari hii BMU ndiyo iliyoitisha mkutano, na akina mama karanga walikaa mbele. Barua ya maombi niliiandika mimi, na imebeba mambo manne: makasha ya barafu na pesa za kuanzishia ununuzi wa barafu, mfuko wa kukopeshana unga na mafuta katika miezi ya kusi, utakaoshikwa na chama cha akina mama, fito, mianzi na posho ya wazee wawili wa kuwafundisha vijana kusuka malema yenye mwanya, na karai kubwa na majiko ya kuokoa kuni kwa wakaangaji.

Jibu lilifika wiki iliyopita, likiwa na adabu na shukrani. Mfadhili ameridhia makasha ya barafu, ameuliza maswali ya maana kuhusu mfuko, na mwishoni ameomba tufikirie kuongeza walau boti moja, kwa kuwa wachangiaji wake hupenda kuona chombo. Tumepanga kulijadili Ijumaa baada ya swala. Nimemwomba fundi wa vyombo naye ahudhurie, atuambie ngalawa moja ya mbao ya muembe, pamoja na tanga lake, itagharimu kiasi gani na itachukua siku ngapi kuundwa hapa hapa ufuoni.